Pakiti mbili, asilimia ileile: ninavyopima nguvu ya mbegu za mboga kabla ya kujaza trei

Nina daftari la jalada gumu ambalo kurasa zake zimekunjamana kwa maji ya kitaluni. Kuna ukurasa mmoja ninaourudia kila msimu. Umeandikwa kabichi, mafungu mawili ya mbegu, aina moja, na pakiti zote mbili zimetaja uotaji wa asilimia 90. Niliyasia siku moja, kwenye trei za aina moja, mchanganyiko mmoja, maji ya pipa moja. Siku ya 6, trei za fungu la kwanza zilikuwa zulia la kijani. Trei za fungu la pili zilikuwa na mche hapa, mche pale, na mingine ndiyo kwanza inainua mgongo.

Baadaye fungu la pili nalo liliota karibu lote, kwa hiyo pakiti haikusema uongo. Lakini mche wa kabichi uliochelewa siku 3 haumfikii jirani yake tena. Hufunikwa, hurefuka shingo kutafuta mwanga, na siku ya kuhamishia shambani unaung'oa ukiwa na mizizi isiyoshika hata udongo wake. Karibu theluthi ya miche ile sikuthubutu kumkabidhi mkulima aliyekuwa akiisubiri, na nilimwona akihesabu mashimo aliyokwisha kuchimba.

Tangu hapo siulizi tu zitaota ngapi. Nauliza zitaota lini, na je, zitaota pamoja? Hiyo ndiyo nguvu ya mbegu, nayo inapimika kwa karatasi, maji, kipimajoto na uvumilivu wa kuhesabu kila siku.

Kwa nini mbegu hai inaweza kuwa dhaifu

Mbegu huzeeka ikiwa kavu ndani ya pakiti. Utando wa seli zake huanza kuvuja, na mitambo midogo ya ndani huharibika kidogo kidogo. Mbegu ya namna hiyo ikipata maji haianzi kukua papo hapo, hujikarabati kwanza. Ikiwa madhara ni machache, ukarabati huchukua saa chache. Yakiwa mengi, huchukua siku nzima au mbili, na mengine hayatengenezeki kabisa, ndipo unapoona mche wenye mzizi uliodumaa au majani ya mbegu yenye madoa yaliyokufa.

Kwa hiyo dalili ya kwanza ya uzee ni kuchelewa. Asilimia ya kuota hubaki juu kwa muda mrefu, halafu huporomoka kwa kasi. Mafungu mawili yenye asilimia 90 yanaweza kuwa moja limesimama uwandani na jingine limesimama ukingoni mwa korongo. Jambo hili si geni. Friedrich Nobbe, aliyefungua kituo cha kwanza cha kupima mbegu huko Tharandt, Ujerumani, mwaka 1869, aliandika kulihusu miaka michache baadaye akaliita Triebkraft, yaani nguvu ya kusukuma. Mimi naona neno hilo linafaa sana, maana kitaluni kazi ya kwanza ya mbegu ni kusukuma udongo.

Sampuli

Watu wengi hupima mbegu 10 kwenye pamba. Zikiota 8 wanasema asilimia 80. Mbegu 8 kati ya 10 zinaweza kutoka kwenye fungu la asilimia 50, na zinaweza kutoka kwenye la 95. Kipimo hicho hakikuambii kitu.

Maabara zinazofuata kanuni za ISTA, chama cha kimataifa cha upimaji wa mbegu kilichoundwa mwaka 1924, hupima mbegu 400 katika makundi ya 100. Mimi hutumia 200, makundi 4 ya mbegu 50. Kwa mbegu 200, jibu la asilimia 84 lina uwezekano wa kukosea kama pointi 5 juu au chini, na hilo naweza kuishi nalo. Kwa mbegu ghali za chotara, zinazouzwa kwa kuhesabiwa, sishuki chini ya 100, na najua kwamba hapo kosa linafika kama pointi 7 au 8.

Changanya mbegu vizuri, zimwage kwenye sahani, gawa nusu, gawa nusu tena, kisha hesabu kutoka robo moja bila kuchagua. Narudia: bila kuchagua. Vidole vina tabia ya kuokota mbegu nono, na ukishaziokota hizo umepima fungu ambalo halipo. Ondoa tu makapi na mbegu zilizovunjika zaidi ya nusu. Ikiwa mbegu zimepakwa dawa, vaa glavu na usizioshe.

Karatasi na joto

Kwa mbegu kubwa kama maharage, njegere, tango na bamia, na hata kabichi, natumia mviringo wa karatasi. Tandaza karatasi mbili nzito za kufyonza maji zilizoloweshwa, panga mbegu mistari 5 ya mbegu 10, funika kwa karatasi ya tatu, kunja ukingo wa chini ili mbegu zisiporomoke, kisha viringisha kwa ulegevu. Simamisha miviringo wima ndani ya chombo, uifunike kwa mfuko wa plastiki ulioachwa wazi kidogo. Mbegu ndogo, yaani nyanya, karoti, saladi na kitunguu, naziweka juu ya karatasi ndani ya sahani yenye mfuniko unaopitisha mwanga. Humo nazihesabu bila kuzigusa, na saladi za aina kadhaa huhitaji mwanga ili ziote.

Maji yakizidi, mbegu hukosa hewa nawe utalaumu fungu zuri. Kipimo changu ni kubonyeza karatasi kwa kidole: utepe wa maji ukijitokeza kuzunguka kidole, kamua tena. Karatasi mpya usiyoifahamu ijaribu kwanza kwa mbegu unazozijua ni nzuri, kwa sababu baadhi zina kemikali zinazounguza ncha za mizizi. Niliwahi kutupa wiki nzima ya kazi kwa sababu hiyo, na tangu siku ile sibadilishi karatasi katikati ya msimu.

Joto ndilo linaloharibu vipimo vingi vya nyumbani. Kwa nyanya, pilipili hoho na biringanya, maabara hutumia nyuzi 20 kwa saa 16 na nyuzi 30 kwa saa 8, na mabadiliko hayo yanasaidia kuamsha mbegu. Kabichi na karoti zinakubali hivyo hivyo, au nyuzi 20 mfululizo. Kitunguu na saladi nyuzi 20. Saladi ikikaa kwenye joto linalokaribia nyuzi 30, aina nyingi hulala zisiote hata kama ni nzima kabisa. Spinachi halisi inapenda ubaridi zaidi, nyuzi 10 hadi 15. Huna chumba cha joto maalumu? Tafuta kona isiyopigwa na jua, weka kipimajoto, andika joto la asubuhi na la alasiri. Usipoandika joto, huwezi kulinganisha kipimo cha leo na cha mwaka jana.

Kuhesabu kila siku, saa ileile

Hapa ndipo nisipoharakisha. Kila asubuhi saa 2 nafungua, nahesabu mbegu ambazo mzizi wake umetokeza milimita 2, na naandika idadi mpya tu. Zile kabichi mbili, nilipokuja kuzipima baada ya hasara, zilitoa hivi kwa kila mbegu 100:

Fungu la kwanza: siku ya 2 mbegu 40, siku ya 3 mbegu 46, siku ya 4 mbegu 5, siku ya 5 mbegu 1. Jumla 92.

Fungu la pili: siku ya 2 mbegu 6, siku ya 3 mbegu 25, siku ya 4 mbegu 30, siku ya 5 mbegu 17, siku ya 6 mbegu 9, siku ya 7 mbegu 4. Jumla 91.

Sasa tafuta wastani wa siku za kuota. Zidisha idadi ya kila siku kwa namba ya siku yake, jumlisha, gawa kwa mbegu zote zilizoota. Fungu la kwanza: 80 + 138 + 20 + 5 = 243, gawa kwa 92, unapata siku 2.6. Fungu la pili: 12 + 75 + 120 + 85 + 54 + 28 = 374, gawa kwa 91, unapata siku 4.1. Jumla zao zinatofautiana kwa mbegu 1, wastani wao kwa siku moja na nusu. Kilichotokea kwenye trei zangu kilikuwa kimeandikwa tayari ndani ya karatasi, kama ningekuwa nimehesabu.

Asiye na muda wa kuhesabu kila siku ahesabu mara moja, mapema. Kwa kabichi hizi, siku ya 3 fungu la kwanza lilikuwa na 86 na la pili 31. Pengo hilo peke yake linatosha kufanya uamuzi. Kwa figili, ISTA inakubali hesabu moja kama kipimo halali cha nguvu: saa 48 kwenye nyuzi 20. Siku ya kuhesabia kwa mazao mengine itafute mwenyewe: pima fungu unalojua ni zuri, angalia ni lini karibu nusu ya mbegu zimetoa mzizi, kisha itumie siku hiyo kila mara kwa joto lilelile.

Mzizi umetoka, lakini mche je?

Usitupe karatasi baada ya hapo. Acha miche ikue hadi hesabu ya mwisho: saladi siku 7, tango siku 8, maharage 9, kabichi 10, kitunguu 12, nyanya, hoho, biringanya na karoti 14. Siku hiyo hesabu miche iliyo timamu tu. Mche timamu una mzizi mrefu wenye ncha hai, shina lililonyooka, na angalau nusu ya majani ya mbegu yakiwa mazima. Usihesabu mzizi uliodumaa kama kisiki, shina lililopasuka au kujisokota, mche mweupe usio na kijani, wala ule uliooza kuanzia kwenye mbegu yake. Ukiona uozo umehamia kutoka kwa jirani, mche huo hauna kosa, uhesabu.

Kitunguu kina alama yake ambayo naipenda: jani la kwanza la mche wenye afya hupinda na kuwa na goti dhahiri. Jani lililonyooka kama uzi bila goti mara nyingi ni la mche usio na nguvu ya kujichomoa udongoni.

Kwenye fungu langu la kwanza, kati ya mbegu 92 zilizotoa mzizi, 90 zilitoa miche timamu. La pili, kati ya 91, ni 84. Pengo kati ya mizizi na miche likianza kupanuka, fungu limeanza kuteremka.

Nikiwa na nafasi, napima pia urefu wa miche 10 kutoka kila kundi, mzizi na shina pamoja, kisha nazidisha wastani kwa asilimia ya miche timamu. Watafiti Abdul-Baki na Anderson walipendekeza hesabu hiyo mwaka 1973 na bado inatumika sana. Ila ilinganishe kwa aina moja ya mbegu tu, kwa kuwa nyanya ya aina moja inaweza kuwa fupi kwa asili kuliko nyingine bila udhaifu wowote.

Kuzitesa kidogo

Karatasi yenye unyevu na joto la kupendeza ni maisha ya raha. Shambani hakuna raha hiyo. Ndiyo maana fungu ninalolitilia shaka, au ninalotaka kulihifadhi hadi msimu mwingine, nalizeesha makusudi.

Njia ya maabara huweka mbegu juu ya wavu, juu ya maji, ndani ya kisanduku kilichofungwa, kwenye nyuzi 41 kwa saa 72. Mbegu ndogo za mboga hunywa unyevu huo haraka mno, zikafa hata zile nzuri. Dawa yake ni kuweka chini ya wavu chumvi ya kawaida iliyokorogwa kwenye maji hadi ikabaki nyingine chini bila kuyeyuka. Maji ya namna hiyo hushikilia unyevu wa hewa kwenye takriban asilimia 75, na mbegu huzeeka taratibu. Natumia mashine ndogo ya kutotolesha mayai, yenye kipimajoto cha pili ndani kwa sababu siamini kile kilichokuja nayo. Tandaza mbegu tabaka moja, zisiguse maji, na weka pembeni sampuli ya fungu unalojua ni imara. Bila fungu hilo la kulinganishia, kipimo hiki hakina maana, kwa kuwa kosa la nyuzi 1 tu hubadilisha majibu.

Baada ya saa 72, otesha kama kawaida. Kabichi ya kwanza ilishuka kutoka 90 hadi 85. Ya pili ilishuka kutoka 84 hadi 58.

Njegere zina kipimo chao kizuri zaidi, na kama unacho kipima chumvi cha maji kile cha kupimia mbolea, unaweza kukifanya. Pima uzito wa mbegu 50, ziloweke kwenye mililita 250 za maji yaliyokenekwa, yasiyo na madini, kwa saa 24 kwenye nyuzi 20, kisha pima maji. Mbegu dhaifu huvujisha sukari na chumvi, maji yakapitisha umeme zaidi. Tuseme kipima kinasoma mikrosimensi (kizio cha upitishaji umeme) 412, maji matupu yalisoma 4, na mbegu zilikuwa na gramu 12: 408 gawa kwa 12 ni 34. Chini ya 25, njegere zinaweza kupandwa hata kwenye udongo baridi wenye maji. Kuanzia 30, zisubirishe udongo upate joto. Zikizidi 43, usizipande. Rudia kwa makundi 4. Sukari inayovuja ni chakula cha kuvu za udongoni, na hapo ndipo kinyausi, yaani kuoza na kuanguka kwa miche michanga, kinapoanzia. Namba hizi ni za njegere pekee, usizihamishie kwenye nyanya.

Mambo yanayodanganya

Kuelea. Kuna wanaomwaga mbegu majini na kutupa zinazoelea. Mbegu za hoho na biringanya zilizo nzima zinaweza kuelea kwa sababu ya hewa, na mbegu mfu nzito huzama vizuri tu. Mimi siitumii kabisa.

Usingizi. Mbegu zilizovunwa karibuni, hasa za biringanya, hoho na saladi, zinaweza kuchelewa kwa sababu zimelala, si kwa udhaifu. Ukishuku hivyo, lowesha karatasi kwa nitrati ya potasiamu, gramu 2 kwa lita 1 ya maji, uone kama kasi inabadilika.

Mbegu zilizoandaliwa, yaani zilizokwisha kuloweshwa kiwandani na kukaushwa tena. Hizi huota kwa kasi inayovutia, lakini nyingi hazihimili kukaa. Wastani wa siku 2 leo hauahidi chochote baada ya miezi 8, zipime upya.

Bitiruti. Punje moja ni fundo lenye mbegu kadhaa. Lihesabu kama moja hata likitoa miche 3, na lioshe kwa maji yanayotiririka saa 2 kabla ya kupima, maana ganda lake lina vitu vinavyozuia kuota.

Kutoka karatasini hadi kwenye trei

Kipimo cha mwisho ni trei yenyewe. Sia mashimo 200 kwa mchanganyiko utakaoutumia, kwa kina utakachotumia, mahali miche itakapokaa. Usihesabu vilivyoota, hesabu miche ambayo ungemkabidhi mtu bila kuona haya. Ikiwa karatasi inasema 90 na trei inasema 86, mambo ni sawa. Karatasi ikisema 84 na trei 60, usikimbilie kulaumu mbegu: sia pembeni fungu imara. Nalo likianguka, tatizo ni mchanganyiko, maji au kina.

Kisha piga hesabu ya kusia kwa kutumia makadirio ya chini. Unahitaji miche 5,000 na trei imetoa asilimia 84? Ondoa kosa la sampuli, pointi 5, ubaki na 79. Gawa 5,000 kwa 0.79, unapata mbegu 6,330 kwa kukadiria. Fungu lenye nguvu ndogo nalisia wakati hali ya hewa ni rafiki, silifukii zaidi ya inavyohitajika, na siliweki akiba. Sipendi kuficha udhaifu kwa kuweka mbegu 2 kila shimo. Unaongeza kazi ya kung'oa, na mche unaobaki bado umetoka kwenye mbegu iliyochoka.

Zilizobaki zikaushe na uzifunge pasipopita hewa, mahali penye ubaridi. Kwa kanuni ya Harrington, mtaalamu wa uhifadhi wa mbegu, kila asilimia 1 ya unyevu unayoipunguza ndani ya mbegu huongeza umri wake takriban maradufu, na kila nyuzi 5 unazoshusha hufanya hivyo pia. Kitunguu usikiamini hata kwa msimu mmoja bila kukipima tena, kwani ni kati ya mbegu zinazokufa mapema.

Jambo moja nalifanya kabla ya kufungua trei ya kwanza: natia mbegu 300 za kila fungu kwenye chupa ndogo, naandika namba ya fungu na tarehe, nafunga kwa nta. Chupa hukaa hadi miche imeshika shambani. Mkulima akirudi na malalamiko, tunafungua pamoja, tunahesabu pamoja mbele ya macho yake, asubuhi saa 2, siku kwa siku.